Jibu: Mwezi unatukimbia kweli?

Mkuu, umeuliza kama ni kweli mwezi unaihama dunia, maana juzi hapo Kongwa uliuona mdogo kuliko kawaida. Unahama kweli, ila hicho ulichokiona ni kitu kingine. Njia ya mwezi kuizunguka dunia si duara kamili. Umbali hubadilika kila mwezi, kati ya kilomita 363,000 na 405,000 hivi, na ukiwa mbali unaonekana mdogo.

Kuhama kwenyewe ni sentimita 3.8 tu kwa mwaka. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo huko mwezini mwaka 1969. Ukivipiga mwanga wa leza kutoka duniani, unarudi baada ya sekunde 2.5 hivi, na kwa muda huo wataalamu wanapiga hesabu ya umbali.

Chanzo ni bahari (sisi wa Dodoma tunaisikia tu kwa watu wa Dar). Mwezi huvuta maji, yanavimba. Dunia inajizungusha haraka kuliko mwezi unavyoizunguka, hivyo uvimbe ule unatangulia kidogo mbele ya mwezi na kuuvuta kwenda mbele. Mwezi unapata nguvu, unasogea mbali zaidi na dunia. Anayelipa ni dunia: kujizungusha kwake kunapungua kasi, siku inarefuka kwa kama milisekunde 2 (sehemu mbili za elfu za sekunde) kila karne.

Kutupotea, hapana. Ila baada ya miaka milioni 600 hivi hautaweza tena kulifunika jua lote. Kutabaki kupatwa kwa pete tu, yaani jua linabaki kama pete ya mwanga kuuzunguka mwezi, kama kule Rujewa, Mbeya, Septemba 2016.