Rangi ya kioo haikuambii kioo kilitoka wapi

Mkuu, umeuliza kama ile mashine ya eksirei ya kushika mkononi, inayopima elementi zilizomo ndani ya kitu, inatosha kujua vioo vya paneli za Kenchreai vilitengenezwa wapi. Haitoshi. Lakini usiitupe, ina kazi yake na nitaifikia.

Kwa wadau wasiozijua: Kenchreai ilikuwa bandari ya Korintho, Ugiriki. Miaka ya 1960 wanaakiolojia wa Kimarekani walikuta huko, kwenye jengo lililozama, paneli zaidi ya 100 zilizopangwa kwa vipande vya kioo cha rangi, kazi ya karne ya 4. Zina mandhari ya mto Nile, majengo ya bandarini, hata sura za Homer na Plato. Zilikuwa bado kwenye makreti, mbilimbili zimetazamana, wala hazijafika ukutani. Zikakaa majini zaidi ya miaka 1,500.

Maji hayo ndiyo yanayoharibu vipimo, maana huifyonza sodiamu ya kioo na kuacha gamba juu. Nilipokuwa masomoni nilipewa vipande vya paneli za Kirumi za aina hiyo hiyo, kutoka kwingine. Unachukua chembe isiyozidi milimita moja, unaizamisha kwenye gundi ya resini, unaisugua mpaka ing'ae, kisha unaiweka chini ya hadubini ya elektroni. Chembe yangu ya kijani ilikuwa na gamba la matabaka kama maganda ya kitunguu, na humo sodiamu haikufika asilimia 2. Ukisogea ndani kidogo tu, inapanda kupita 16. Mashine ya mkononi ikilenga juu, kwa elementi nyepesi inasoma gamba hilo. Na sodiamu yenyewe haiioni, kwa sababu mionzi yake ni dhaifu na inamezwa na hewa njiani.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Aliyeyeyusha kioo na aliyekitia rangi mara nyingi hawakuwa mtu mmoja. Kioo kibichi cha Kirumi kiliyeyushwa kwenye matanuri makubwa Misri na pwani ya Shamu, kwa mchanga na magadi ya Wadi Natrun, bonde la Misri, kikavunjwa mapande na kusafirishwa kote Mediterania. Rangi iliweza kutiwa baadaye, mbali kabisa na tanuri. Kobalti sehemu 5 katika 10,000 inatosha kukupa bluu iliyokolea, lakini bluu hiyo inakueleza habari za fundi wa rangi tu. Ukitaka asili ya kioo, uliza mchanga. Wa Misri huwa na elementi za titani na zirkoni kwa wingi. Wa pwani ya Shamu una vipande vya kombe, kwa hiyo elementi ya stronti na chokaa hupanda. Hayo hupimwa vizuri kwa leza inayochimba tundu la kama sehemu ya kumi ya milimita, na jicho halilioni kwa urahisi. Shanga za kioo za Unguja Ukuu, mji wa kale wa Zanzibar, husomwa kwa njia hiyo hiyo, na alumina (oksidi ya alumini) nyingi ndiyo iliyoelekeza sehemu kubwa ya shanga za pwani yetu India na Sri Lanka.

Vioo ninavyovipenda kuliko vyote ni vile visivyopitisha mwanga. Weka cha manjano chini ya hadubini uone: kioo kiangavu kilichojaa fuwele nyeupe zinazowaka, za risasi na antimoni. Cheupe ni kalsiamu na antimoni. Kuanzia karne ya 4 bati likaanza kuchukua nafasi ya antimoni. Kwa hiyo paneli ya enzi hiyo ikiwa na manjano ya aina zote mbili, ya antimoni na ya bati, fikiria kwanza kwamba fundi alikuwa na akiba ya vioo vya zamani.

Na hapa ndipo mashine ya mkononi inapolipa: risasi, antimoni na bati ni elementi nzito, zinaonekana hata kupitia gamba. Itumie kutenganisha mamia ya vipande kwa makundi bila kukata kitu, ndipo uombe ruhusa ya kuchukua chembe chache katika kila kundi. Pima kwenye ukingo uliovunjika karibuni kama upo, na kila kipimo kiandikie kilichukuliwa sehemu gani ya kipande.