Kupokea wajitoleaji wa nje shambani: anza na blanketi na kibali

Mkuu, nimekusoma. Mko wakulima watano hapo Rungwe, mna ng'ombe wa maziwa, migomba na mabwawa ya samaki, mnataka mtandao wa kupokea wajitoleaji kutoka nje, na hamjui hela itatoka wapi.

Hela isitangulie. WWOOF, mtandao wa wajitoleaji wa mashamba ya kilimo hai, ilianza Uingereza mwaka 1971 kwa mpango mwepesi tu: mgeni anafanya kazi, mwenyeji anampa chakula na malazi. Anzeni na shamba moja, wageni wawili. Kikundi kisajiliwe halmashauri, afisa maendeleo ya jamii awaambie kama mnahitaji kuwa shirika kabisa. Ile mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake, haina riba, lakini inarudishwa. Mkiupata, nunueni mtamba (ng'ombe jike ambaye hajazaa) atakayeingiza hela, si magodoro ya wageni.

Sisi tuliumia hapa: mwezi wa saba tulimpokea kijana Mjerumani, tukampa blanketi moja. Baridi ya Tukuyu unaijua. Siku ya tatu tukamkuta amelala na koti la mvua, na bado tulikuwa tumempangia kuzoa samadi ya kupeleka bwawani alfajiri. Wiki haikuisha, akaondoka.

Kubwa zaidi ni vibali. Viza ya utalii hairuhusu kujitolea. Wajitoleaji huombewa kibali cha ukaazi daraja C. Fikeni Uhamiaji Mbeya kabla mtu hajakata tiketi, na katiba yenu aisome wakili. Akitokea "mfadhili" anayedai ada kwanza ndipo atoe msaada, mpotezee.