Uvimbe wa upande mmoja wa kichwa cha mtoto mchanga: usikandwe, usitobolewe

Dada, hongera kwa kujifungua salama na pole kwa uchungu huo wa muda mrefu. Umeeleza kwamba mtoto wako ana siku nne, kwamba alizaliwa na kichwa kirefu kilichochongoka, na kwamba siku ya pili, wakati kile kirefu kilipokuwa kinaanza kupungua, ukaona uvimbe laini upande wa kulia juu ya sikio, ambao bibi yake anataka kuukanda kwa maji ya moto na jirani anashauri utobolewe ili damu itoke. Mimi ni mkunga, na mwanangu wa kwanza naye alipata uvimbe wa namna hiyohiyo, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kazini na nyumbani kwangu.

Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga huwa haijaungana, ndiyo maana inaweza kupandiana kidogo wakati kichwa kinapopita kwenye nyonga ya mama, na ndiyo maana mtoto hutoka na kichwa kirefu ambacho hurudi katika umbo lake ndani ya siku chache bila mtu yeyote kukifinyangafinyanga. Tena, mlango wa kizazi unapokibana kichwa kwa saa nyingi, hasa kama chupa imeshapasuka, majimaji hujikusanya chini ya ngozi ya sehemu iliyotangulia. Uvimbe huo, ambao wodini tunauita kaputi, huonekana mtoto anapozaliwa tu, huweza kuvuka katikati ya kichwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ukiugusa kwa kidole hubaki kishimo kama kwenye unga uliokandwa. Kwa kawaida hupotea ndani ya siku mbili au tatu.

Huo wa mwanao, kwa jinsi ulivyoueleza, unafanana zaidi na aina ya pili, yaani sefalohematoma. Hapa ni damu iliyovuja kati ya mfupa na utando unaoufunika mfupa huo, na kwa kuwa inavuja polepole, uvimbe hauonekani mara moja bali baada ya saa kadhaa au siku ya pili. Utando huo umeshikamana na kingo za mfupa, hivyo damu haiwezi kuvuka kwenda mfupa wa jirani. Uvimbe hukaa upande wake na kuishia kwenye maungio. Damu hiyo iko nje ya fuvu, wala siyo maji ya ubongo kama ulivyoogopa. Huwapata mtoto mmoja au wawili katika kila 100, na zaidi wale waliovutwa kwa vakyumu, yaani kifaa cha kunyonya kinachoshikizwa kichwani kusaidia kumtoa mtoto.

Aina hii inahitaji subira, kwa sababu huchukua wiki kadhaa, na wakati mwingine miezi mitatu, kuisha. Mwanangu alipofika wiki za katikati, kingo za uvimbe zilikuwa ngumu huku katikati pakibonyea, na mama mkwe akawa na hakika kwamba fuvu limevunjika. Ni dalili ya kawaida ya uvimbe unaopona: mwili huanza kuweka chokaa pembeni, na baadaye mfupa hujisawazisha wenyewe.

Kukanda kwa maji ya moto hakuyeyushi damu hiyo, bali kunaweza kumuunguza mtoto au kuongeza uvujaji. Kutoboa, hata kwa sindano safi, ni kuwafungulia vijidudu mlango kwenye damu iliyotulia, na hapo ndipo uvimbe usio na madhara hugeuka usaha. Mwambie bibi kwa heshima zote kwamba mikono yake inahitajika zaidi kwenye uji wako.

Jambo ninalotaka ulifuatilie kwa makini ni umanjano. Damu iliyojikusanya inapovunjwavunjwa huongeza rangi ya njano mwilini, kwa hiyo mtazame mtoto kila siku kwenye mwanga wa mchana, umbonyeze ngozi ya paji la uso na kifua kisha uachie. Ikiwa njano imefika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto analala mno na hataki kunyonya, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kumwotesha jua la asubuhi si mbadala wa taa za matibabu zinazotumika hospitalini kupunguza njano hiyo. Mnyonyeshe mara kwa mara, maana rangi hiyo hutoka kwa choo.

Vilevile usisubiri kesho kama uvimbe unakua haraka na kuenea kichwa kizima, ukishuka nyuma ya masikio au shingoni, huku mtoto akipauka, akipumua kwa shida au akilegea. Hiyo ni aina ya tatu, ambayo ni nadra na hatari, na mara nyingi hujitokeza ndani ya siku moja au mbili za kwanza baada ya kuvutwa kwa vakyumu. Homa, wekundu na joto juu ya uvimbe navyo ni sababu ya kwenda bila kuchelewa.

Hata kama hakuna dalili hizo, mpeleke kliniki mapema ili uvimbe uandikwe kwenye kadi yake na aupime anayejua kuutofautisha. Kuhusu kofia, mvalishe tu, mradi isibane, na kichwa kioshwe kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua upande huo.