Muulize Mpima: Nyumba imepata ufa, mlima unasemaje?

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazouliza, kila moja kwa namna yake, kuhusu ardhi inayohama chini ya miguu yetu. Nimeanza na fupi, maana ile ya Goma nataka kukaa nayo.

Swali: Mimi ni dereva wa matatu, Mai Mahiu hadi Narok. Mwaka 2018 ufa ulikata barabara yetu, watu wakasema Afrika inagawanyika. Hadi leo mvua ikinyesha abiria wananiuliza kama Narok itabaki ng'ambo ya bahari. Niwajibu nini? – Dereva, Mai Mahiu

Jibu: Waambie Bonde la Ufa linapanuka kweli, ila lile korongo halikufunguliwa na mpanuko huo kwa siku moja. Udongo wa pale ni majivu ya volkano za kale, mepesi mno. Mvua za Machi mwaka ule ziliyapitia chini kwa chini zikayabeba, na juu pakabomoka. Vipokezi vya GPS vilivyofungwa kwenye miamba pande mbili za Bonde vinaonyesha kuwa huko Kenya linapanuka milimita 2 au 3 hivi kwa mwaka. Mwonyeshe abiria ukucha wake: hukua kiasi hicho kwa mwezi mmoja.

Swali: Shikamoo Mama Mpima. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba ya wazazi wangu hapa Bukoba. Nimesoma kwamba setilaiti hupiga picha ya ardhi ilivyohama. Mbona picha ya kwetu hatujaiona? Mlitusahau? – Msomaji, Bukoba

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Hatukuwasahau. Tetemeko lenu lilikuwa na ukubwa wa 5.9, lakini lilianzia kina cha kilomita 40 hivi. Mtu akijigeuza chini ya kanga utamwona, akijigeuza chini ya magodoro kumi hutamwona. Mtikisiko uliwafikia ukabomoa kuta, ila uso wa ardhi ulihama kidogo mno kwa setilaiti kuuona.

Linganisha na mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron. Julai 2007 nilikuwa Arusha. Matetemeko yalianza tarehe 12, na la tarehe 17 lilikuwa na ukubwa uleule wa 5.9. Vikombe viligongana kabatini, tukatoka nje na watoto. Kumbe chini ya Gelai magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa inajipenyeza kwenye mwamba mgumu, imesimama wima kama upanga, ikiusukuma huku na huku kwa kiasi cha mita 2. Haikufika juu. Juu yake ukanda wa ardhi ulididimia kati ya nyufa mbili, na sehemu kubwa ya mwendo huo ilipita kimya, bila tetemeko la kulingana nao. Mwanzoni mwa Septemba jirani yake, Ol Doinyo Lengai, akaanza kulipuka na kumwaga majivu.

Baadaye nilikwenda kupaona. Kijana wa Kimaasai aliyeniongoza alisimama kwenye njia ya ng'ombe iliyokatwa na kingo ya udongo, kama ngazi moja ya nyumba. Akasimamisha fimbo yake pale, akaweka kidole mahali ukingo ulipofikia, akanionyesha: chini kidogo ya goti. Akaniambia njia hii alipita tangu utotoni na ilikuwa tambarare. Niliandika maneno yake daftarini kabla ya kufungua chombo chochote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kipimo cha kabla.

Swali: Mama, salamu nyingi toka Goma. Nyiragongo ililipuka Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano 2021, hakuna aliyetuonya. Siku tano baadaye tukaambiwa tuhame, tukatembea na watoto mpaka Sake. Mlima haukutema moto tena. Tuliporudi, ukuta wa sebule ulikuwa na ufa. Nina maswali matatu: kwa nini vyombo havikuona, kwa nini tulihamishwa bure, na huu ufa wangu niufanyeje? – Baba wa watoto wanne, Goma

Jibu: Baba, pole kwa safari ile. Nitakujibu moja moja.

Volkano nyingi huvimba kabla ya kulipuka. Magma ikijikusanya chini, mlima huinuka sentimita chache, na vipokezi vya GPS vinaona. Vipo pia vyombo vya kupima mwinamo, ndugu wa pimamaji ya fundi wako, ila ni vyepesi kuhisi mara nyingi zaidi. Nyiragongo haikuvimba kwa namna iliyoonekana. Baada ya mlipuko wa 2002 lilirudi ziwa la moto kwenye kreta, lile shimo la kileleni, likawa wazi, nanyi mlikuwa mkiona wekundu wake usiku. Sufuria isiyofunikwa haisukumi kifuniko. Kilichoshindwa ni ubavu wa mlima: mwamba ulipasuka, na magma iliyokuwa tayari karibu na juu ikapata mlango. Vyombo vilikuwepo na watu walikuwa wakivitazama, lakini ishara waliyoizoea haikutokea.

La pili linaniuma zaidi, maana najua mnaliongea kila mahali. Hamkuhamishwa bure. Siku zile setilaiti za rada zilipita juu yenu. Rada hutuma wimbi, ikalipokea likirudi, haijali wingu wala giza. Ukichukua picha ya kabla na ya baada ukazilinganisha, ardhi iliyosogea hujichora kwa pete za rangi. Kwa setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1, kila pete kamili ni kama sentimita 2.8 za kusogea. Picha za Goma zilikuwa na pete zilizobanana kutoka mlimani, kupita mjini, hadi Ziwa Kivu. Ule upanga niliousema wa Gelai safari hii ulikuwa chini ya vitanda vyenu, urefu wa kilomita 25 hivi, na ncha yake ya juu haikufika hata nusu kilomita kutoka kwenye sakafu. Ndiyo maana lami ilikuwa inachanika mjini na nchi ikitetemeka usiku kucha. Kutoka hapo upanga ungeweza kupanda juu, au kutokea chini ya ziwa, au kupoa palepale. Ulipoa. Aliyeziona pete zile tarehe 27 hakuwa na namna ya kujua upanga utaamua nini, na mimi ningewaambia muondoke vilevile.

Sasa ufa wako. Chukua misumari mitatu midogo ya zege. Miwili ipige upande mmoja wa ufa, mmoja juu ya mwingine, na wa tatu upande wa pili. Pima kutoka katikati ya kichwa cha huo wa tatu hadi kwa kila mmoja wa wale wawili, ukitumia rula ya chuma ya watoto wa shule, si futi ya kitambaa. Kwa vipimo viwili utajua kama ufa unafunguka au ukuta unateleza kwenda juu na chini. Chora pia mstari wa penseli kwenye kila ncha ya ufa, uandike tarehe pembeni. Pima kila Jumapili asubuhi, saa ileile, kwa sababu ukuta uliopigwa na jua la mchana hutanuka.

Miezi sita ikipita bila namba kubadilika, mwite fundi azibe. Zikibadilika, hata milimita 2, toa kitanda cha watoto upande ule na upeleke daftari lako kwa watu wa Kituo cha Volkano cha Goma. Na ukipenda, nakili ukurasa mmoja uniletee hapa. Ningefurahi kuuona.