Vikundi Kwanza, Watumiaji Baadaye: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kuhamisha Domeni

Ninyi mnaoripoti sasa katika vitengo vya TEHAMA hapa Dodoma, huenda hamtamaliza mwaka kabla ya kukabidhiwa kazi ya kuhamisha akaunti kutoka domeni moja, yaani kundi la akaunti na kompyuta zinazosimamiwa pamoja kwenye mtandao, kwenda nyingine. Tangu mwaka 2016 ulipotolewa msukumo mpya wa Serikali kuhamia huku, si ajabu kukuta ofisi ina watumishi Mtumba na seva za zamani Dar es Salaam, au idara mbili zilizounganishwa kwa barua ya siku moja huku mitandao yake ikiwa haijawahi kujuana.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba ruhusa katika Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za domeni, haziangalii jina la mtu. Zinaangalia SID, yaani namba ya usalama ambayo akaunti hupewa na domeni yake. Akaunti ikihamia domeni nyingine hupata SID mpya hata kama jina na nywila vimebaki vilevile, na folda iliyomzoea mtumishi kwa namba ya zamani itamwona mgeni. Kwa sababu hiyo zana za kuhamishia huweza kubeba namba ya zamani ndani ya sifa iitwayo sIDHistory, mradi uhusiano wa kuaminiana kati ya domeni hizo umeruhusiwa kuipitisha. Kwa kawaida namba hizo huchujwa njiani.

Mpangilio wa nani atangulie kuhama ndio uliowahi kunitia aibu. Ruhusa za folda kwa kawaida hupewa vikundi, na mtumiaji huzipata kwa kuwa mwanachama. Kikundi cha aina ya globali hupokea wanachama wa domeni yake pekee, kwa hiyo mtumiaji anayetangulia kuhama hukosa pa kushika: cha zamani hakimpokei, kipya hakijaumbwa. Mimi nilihamisha watumiaji wa uhasibu Ijumaa moja ya mwezi Juni, nikaviacha vikundi vyao kwa wiki iliyofuata. Jumatatu waliingia kwenye kompyuta bila tatizo na printa zilitoa karatasi, lakini folda ya bajeti ilikataa kufunguka, na mwaka wa fedha ulikuwa unafungwa tarehe 30. Mhasibu mkuu alikuja mwenyewe hadi mezani kwangu akaniuliza, “Kijana, nimeachishwa kazi bila barua?” Hamisheni vikundi kwanza, vikiwa vitupu, kisha watumiaji kwa mafungu, wakirudishwa katika vikundi vyao papo hapo. Juni msiiguse kabisa idara ya fedha.

Kabla ya hapo kuna orodha, na orodha nzuri haipatikani kwenye seva peke yake. Seva itawaonyesha vikundi vilivyomo ndani ya vikundi vingine. Haitawaambia kwamba mashine ya kuskani ya masijala hutumia akaunti ya mtumishi aliyestaafu. Hilo analijua katibu muhtasi. Akaunti za huduma, zinazoendesha nakala rudufu za usiku, zipewe ukurasa wao. Vikundi visivyo na mtu vifutwe sasa, kwa kuwa tokeni ya mtumiaji, yaani orodha ya SID zake na za vikundi vyake anayopewa akiingia, haibebi zaidi ya SID 1,024, na sIDHistory inaweza kuongeza mzigo huo mara mbili.

Saa na DNS, mfumo unaogeuza majina ya mashine kuwa anwani, ni mambo mafupi lakini yasirukwe: saa za mashine zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, Kerberosi, itifaki inayothibitisha watumiaji wa domeni, kwa mipangilio yake ya kawaida itakataa.

Kuhusu sIDHistory yenyewe, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ikiachwa ikae miaka, hakuna atakayejua tena folda ipi inafunguka kwa ruhusa halali na ipi kwa namba ya domeni iliyokwisha kufa, na mwenye nia mbaya anaweza kuutumia mwanya uleule. Andikeni upya ruhusa za folda kwa SID mpya, kisha iondoeni kikundi kimoja baada ya kingine. Seva za domeni ya zamani zizimwe bila kufutwa, na msubiri ipite walau funga hesabu moja ya mwezi, kwa kuwa zipo programu zinazoamka siku hiyo tu.