Vesti za kijeshi za zamani: fungua ndani kwanza, alama za mkono utaona kisha

SWALI

Yaya, jambo sana. Niko Kamalondo, hapa Lubumbashi, nakusanyaka vesti (makoti) za zamani za kijeshi, zingine nilinunua Soko Kenya ya hapa mjini, mu friperi (nguo za mitumba), zingine mzee moja jirani aliniachia. Sasa tatu njo zinanisumbua kichwa. Ya kwanza ni ya kijani, kotoni nzito, mifuko mine mbele, kofia imefichwa ndani ya koli (ukosi) na zipu, na kwa mkono kuko alama ya croisette tatu, ile misalaba midogo ya shaba ya Katanga. Muuzaji aliapa kama ni ya gendarme katangais, askari wa Katanga yenye ilijitenga na Congo, wa 1961 na akanikata bei kali. Etiketi imefifia, nasoma tu DSA 100-72-C. Ya pili ni ya sufu, nzito sana, rangi iko kati ya kijivu na kijani, ndani kuko muhuri ya mataji matatu na 1942. Ya tatu ni fupi, ya kaki, nayo ya sufu, inaishia kwa kiuno na kibwebwe cha kufunga, imepigwa ABL 1952. Gani ni ya kweli, gani ni ya uongo? Na mama anataka kuzifua.
— Msomaji wa Kamalondo

JIBU

Mdogo wangu, hapa Lubumbashi kila vesti ya kijani yenye kuchakaa inasemwa ilikuwa ya gendarme katangais, ukizihesabu zote utakuta jeshi ya Tshombe, kiongozi wa Katanga ile, ilikuwa na watu kuliko mji wenyewe. Kwa hiyo tuache hadithi ya muuzaji tuende kwa etiketi.

Ile ya croisette ni vesti ya Marekani, wanaiita M-65. Kofia ndani ya koli na zipu njo kitambulisho chake, juu ile yenye iliitangulia, M-51, haina kofia mu koli, ya kwake ilikuwa ya kufunga na vifungo. M-65 ilianza kutoka 1965. Na ile DSA 100-72-C yenye unasoma ni namba ya kontra (mkataba wa ununuzi): DSA ilikuwa idara ya Marekani yenye kununulia majeshi bintu, na ile 72 ya katikati ni mwaka wa bajeti, maana yake 1972. (Kuanzia 1977 utakuta wameandika DLA pahali pa DSA, hiyo nayo ikusaidie siku ingine.) Sasa hesabu wewe mwenyewe: Katanga ilijitangaza nchi huru tarehe 11 Julai 1960 na ikaisha Januari 1963. Hiyo vesti ilishonwa karibu miaka kumi kisha hapo. Hakuna gendarme aliyeivaa 1961, hata muuzaji aape mara ngapi.

Alama yenyewe sasa. Usiing'oe, inua tu pembe yake kidogo na ukucha uangalie kitambaa chenye kiko chini. Alama yenye ilikaa miaka mingi inafunika kitambaa kisipigwe na jua, kwa hiyo chini pale rangi inabaki nzito kuliko mkono mzima. Kama rangi ni moja, alama ilibandikwa juzi. Kisha piga hodi kwa kambiste (mbadilisha pesa) mwenye ako na ile taa ya bleu ya kupimia dola, mwombe akumulikie uzi usiku au pa giza. Uzi wa kisasa mingi unawaka sana juu ya dawa za kung'arisha zenye wanatiaka ndani, uzi wa kotoni wa zamani hauwaki. Lakini angalia hapa: sabuni ya unga nayo inatiwaka dawa hizo, vesti yenye ilifuliwa inaweza kuwaka yote nzima hata kama ni ya zamani, kwa hiyo kuwaka peke yake si hukumu, unalinganisha uzi wa alama na uzi wa vesti.

Usilie juu ya bei hata hivyo. M-65 ya kontra ya 1972 ni vesti ya kweli ya kijeshi, ya wakati wa vita ya Vietnam, iweke vile iko. Uongo ni ile croisette peke yake.

Ya mataji matatu ni ya Sweden, mataji matatu ni alama ya ile nchi na jeshi yao inayapiga kwa vesti, kwa vifungo, hata kwa mikebe ya chakula. Najua akili yako itakimbilia wapi, juu Waswede wa ONU (Umoja wa Mataifa) walikuwa hapa hapa wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville, walipigana hapa 1961. Ni kweli walikuwa. Lakini sufu ya 1942 imekatwa kwa baridi ya kwao, wakati wa vita vya pili, na jeshi ya Sweden iliuza bintu vyake vya zamani mingi sana kwa wafanyabiashara, njo maana mimi naona ilikuja na balo ya friperi, labda kupitia mpaka wa Kasumbalesa kama zingine zote. Vesti nzuri, safari ya kawaida.

Ile yenye hukuuliza sana, ya ABL, njo mimi ningelala nayo chini ya mto. ABL ni Armée Belge na Belgisch Leger, jeshi ya Ubelgiji, na vesti fupi ya kuishia kiunoni waliiga kwa Waingereza kisha vita. Miaka ya 1950 Wabelgiji walikuwa na kambi kubwa Kamina, kwa hiyo ya 1952 inaweza kweli kuwa ilitembea mu Katanga, na gendarmerie yenyewe ilianza na maofisa Wabelgiji na bintu vyenye waliacha. Sisemi ni ya gendarme. Nasema kati ya zako tatu ni hiyo tu yenye mwaka wake unaikubalia, na muuzaji akashona croisette kwa ingine! Tafuta ndani matricule, namba ya askari mwenyewe, kwa koli ao ndani ya mfuko, hata kama ni wino umefifia. Na muulize yule mzee jirani, kama ni yeye aliyekupa, aliitoa kwa nani.

Mama asifue. Mwambie kwa heshima, sufu ikipigwa maji moto na Omo inasinyaa na ule muhuri unaenda na maji. Brashi laini, kivulini, basi.

SWALI FUPI

Yaya, niko Bukavu. Vesti yangu haina jina la nchi, kuko namba tu inaanza 8415-12. Ni ya wapi?

JIBU

Ujerumani. Namba nne za kwanza zinasema ni kitu gani, mbili zenye kufuata ni nchi: 12 Ujerumani, 13 Ubelgiji, 14 Ufaransa, 99 Uingereza, 00 na 01 Marekani.

SWALI FUPI

Mimi wa Goma. Naweza kuvaa yangu kwa arusi ya rafiki? Ni ya kamuflaji, ya Ufaransa.

JIBU

Hapana bwana. Raia kuvaa vazi ya kijeshi sheria inakataza, na askari wa barabarani hataanza kusoma etiketi yako kujua ni ya mwaka gani. Itundike nyumbani, na kwa arusi vaa koti ya kawaida.