Uliza Shangazi: Mtoto kapenda farasi, nasi tuko Tabora, nimnunulie nini?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni dereva bajaji hapa Tabora mjini, naishi Ipuli. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, mwezi ujao anatimiza miaka 8, na huyo mtoto ni farasi farasi farasi, akiamka farasi akilala farasi, katuni ikiwa na farasi hata chakula hali, na hajawahi kumuona farasi laivu hata siku moja. Dada anasema nimnunulie gauni tu yaishe, shemeji anasema huo ni upuuzi utaisha wenyewe. Nimetenga elfu 40. Nimezunguka madukani nikaona farasi wa plastiki wa betri anawaka taa anaimba kichina, na mwingine wa manyoya wa pinki ana pembe kichwani. Nimekwama shangazi, nisaidie. (Mjomba wa Ipuli)

JIBU: Marahaba mjomba mtu. Gauni liache, gauni atashonewa sikukuu. Na shemeji yako mwambie kwa heshima tu, maana ni mwenye mtoto, kwamba mtoto wa miaka 8 akishika kitu namna hiyo ndo unampata hapohapo, hesabu utamfundisha kwa farasi, kusoma kwa farasi, kuchora kwa farasi, hata kuoga utamwambia farasi huwa wanasuguliwa na ataenda bafuni bila fimbo.

Sasa kabla hujatoa hata mia, mpe karatasi na penseli mwambie amchore huyo farasi wake, afu wewe kaa pembeni uchat na simu yako kama humuoni, usimhoji kama polisi. Ukiona kachora mabawa, taji, upinde wa mvua, basi huyo anapenda hadithi, na yule wa pinki mwenye pembe anamtosha kabisa usimdharau. Ukiona kachora kwato, mkia, majani, maji, huyo anampenda mnyama mwenyewe na ukimletea wa pinki atakuangalia tu. Na ukiona hata kuchora hachori, kachukua fagio kaweka katikati ya miguu anazunguka uwanja mzima anapiga kelele, huyo anataka kupanda. Watoto watatu hao na kila mmoja na zawadi yake, watu wengi wanakosea hapo, wanasikia neno farasi wanakimbilia dukani.

Yule wa betri mimi simpendi nakwambia ukweli. Anatembea mwenyewe, anaimba mwenyewe, anawaka mwenyewe, mtoto kazi yake nini sasa? Kutazama. Siku ya tatu betri zimekufa, kawekwa juu ya kabati.

Mimi ningekuwa na hiyo elfu 40 yako na mtoto ni wa fagio, ningeenda kwa fundi seremala anitengenezee farasi wa fimbo, kichwa cha mbao juu ya fimbo mtoto anayoipanda. Tuko Tabora bwana, mji wa mninga, watu wanatoka mbali kuja kufuata vitanda na milango hapa, na kwenye kila karakana kuna vipande vya mbao vimebaki pembeni vinangoja kuwa kuni. Mwambie fundi akukatie kichwa cha farasi kama anavyoonekana kwa ubavuni, ubao wa inchi moja tu usizidi, maana mninga ni mzuri ila ni mzito na kichwa kikiwa kizito mtoto mkono utamuuma atakiacha. Akiwa na kipande cha paini hicho ni chepesi zaidi, rangi tu ndo haivutii. Fimbo iwe ya duara inayoenea kwenye kiganja cha mtoto, kama sentimita 90 hivi, mtoto akiiweka katikati ya miguu kichwa kimfikie kifuani na mwisho wa fimbo uburuze nyuma. Kichwa na fimbo viungwe kwa tundu na gundi, misumari hapana. Apige msasa mkali kwanza kisha laini mpaka ukipitisha mkono hausikii kitu, na wakati anapiga msasa mtoto asiwepo, vumbi la mninga linawasha pua.

Kinachobaki usimalizie wewe, hapo ndo zawadi yenyewe ilipo. Mpelekee mtoto kichwa kikiwa kitupu, na mfuko wenye uzi wa sweta wa rangi anayoipenda, vipande viwili vya ngozi vya kufanya masikio, kipande cha kanga cha kufanya hatamu, na kipande cha ndala iliyochakaa cha kuvalisha mwisho wa fimbo isikwangue sakafu ya mama yake. Mkae mtoboe matundu shingoni mfunge nywele uzi mmoja mmoja. Ni kazi ya mchana mzima hiyo na jina atampa mwenyewe. Macho mchoreni kwa makapeni, kila jicho ubavuni kwake, sio yote mbele kama ya bundi. Hapo mwambie kwanini: farasi macho yako pembeni ya kichwa ndo maana anaona karibu pande zote bila kugeuka, pale mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia tu ndo haoni.

Na shemeji akicheka kwamba huo ni mchezo wa vitoto, mwambie kule Finland mabinti wakubwa tu wana mashindano ya nchi nzima ya farasi wa fimbo, wanaruka vizuizi, wanapewa maksi na majaji. Wewe nyumbani weka ndoo mbili na ufito juu yake, anza chini kabisa, kila akiweza pandisha kidogo. Mfundishe na midundo ya mwendo wa farasi mkipiga kwa viganja mapajani: akitembea ni mipigo minne sawasawa, akianza kukimbia polepole ni miwili, pa-pa pa-pa, akiongeza ni mitatu, akitimua mbio kabisa inarudi minne ila ya haraka haraka na katikati kuna kimya kidogo ambapo miguu yote iko hewani. Hicho kimya watu walibishana miaka na miaka kwamba kipo au hakipo kwa sababu jicho haliwezi kukikamata, mpaka 1878 huko California mpiga picha mmoja anaitwa Eadweard Muybridge alipopanga kamera mstari mmoja farasi akapita mbele yake, picha zikatoka, ubishi ukaisha. Mtoto wa miaka 8 ukimpa stori hiyo kesho darasani wote wanaijua.

Kingine ni bure kabisa. Farasi hapimwi kwa futi, anapimwa kwa viganja, kiganja kimoja ni inchi 4, yaani sentimita 10 na nukta, na wanapima toka chini mpaka pale shingo inapoishia mgongo unapoanza, kichwa hakihesabiwi. Chini ya viganja 14 na inchi 2, kama sentimita 147 hivi, huyo wanamuita poni. Chukua chaki weka alama ukutani kwenye sentimita 147, msimamishe mtoto hapo, mpime kwa kiganja chako, aone yeye ni viganja vingapi na mgongo wa poni mkubwa unamfika wapi. Mama yake akilalamikia ukuta, chaki inafutika.

Ila kama ulipompa karatasi alichora kwato na majani, basi mjomba mpeleke kwa punda. Usicheke. Punda na farasi ni ukoo mmoja, kwato moja kila mguu, wanapandana hadi wanazaa, na wewe kwa kazi yako ya bajaji unawajua wenye mikokoteni wote wanaoleta maji na mizigo mjini. Mtafute mwenye punda asiye na vidonda mgongoni, hiyo ndo alama ya mtu anayejali mnyama, mpe chochote kidogo umuombe saa moja ya Jumapili asubuhi punda akiwa hana mzigo. Mtoto aje na karoti na brashi ngumu ya kufulia, mpya. Amfuate punda kwa upande wa bega huku anaongea, asitokee nyuma hata kidogo maana huko ndo haonekani na teke la punda halina msamaha. Karoti aiweke kwenye kiganja kilichonyooka, vidole vimebanana, dole gumba limelala, akiishika kwa ncha za vidole atang'atwa bila hata punda kukusudia. Kisha apige brashi kufuata manyoya yanakolala, kuanzia shingoni kwenda nyuma. Kumpanda hapana, labda mwenye punda mwenyewe aseme na amshike.

Hiyo elfu 40 ukipatana vizuri na fundi, inakubakizia ya karoti na brashi na ya keki.

SWALI: Shangazi habari. Mimi niko Sikonge, mwaka huu tumbaku imeniheshimu. Binti yangu ana miaka 12 anataka farasi, sio mwanasesere, farasi mwenyewe. Kuna jamaa kaniambia anaweza kunitafutia Arusha aletwe na fuso. Eneo ninalo na majani ninayo. Nimfanyie sapraizi? (Baba Neema)

JIBU: Baba Neema hongera kwa tumbaku, ila hapana, tena hapana kubwa.

Wewe uko katikati ya misitu ya miombo na unajua kinachoishi humo. Mbung'o, wale inzi wanaonyonya damu na kuambukiza mifugo ugonjwa wa ndorobo. Ng'ombe wenyewe wa huko mnawachoma sindano za ndorobo kila mara, na farasi kwa ndorobo ni dhaifu kuliko ng'ombe. Weka na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoletwa na visubi vidogo vya usiku, huo farasi mzima jana tu anaweza kuwa maiti leo. Ndo sababu babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo mabegani toka huku mpaka pwani, sio kwamba hawakujua kuna wanyama wa kubeba. Stanley alipotoka Bagamoyo 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, wote wamemfia njiani mapema hata Tabora hawajaiona, kafika Ujiji bila farasi.

Tuseme umebahatika mbung'o hawapo. Farasi ni mnyama wa kundi, mmoja peke yake anapata msongo, kwahiyo unanunua wawili. Kwato zinakua kama kucha, zinatakiwa zipunguzwe kila wiki 6 mpaka 8, fundi wa kwato Sikonge utamtoa wapi? Hawezi kutapika, kwahiyo akila kitu kibaya hakitoki kwa kurudi juu, tumbo linaweza kumuua usiku mmoja na daktari wa mifugo yuko mbali anakwambia ngoja kukuche. Na anaishi miaka 25 hata 30, binti ataolewa atakuachia. Halafu hiyo safari ya fuso toka Arusha siitaki hata kuifikiria.

Hela unayo, itumie vizuri. Likizo mpeleke yeye kwa farasi badala ya kumletea farasi. Arusha na Kilimanjaro kuna mashamba wanafundisha watu kupanda, piga simu mapema, uliza kama wana farasi wa wanaoanza na kama wanatoa kofia ngumu ya kichwa, wakikwambia kofia sio lazima kata simu hapohapo. Mlipie masomo ya siku kadhaa mfululizo, sio ile ya kuzungushwa dakika 15 na kupigwa picha, na omba siku moja afike asubuhi asaidie kuzoa samadi na kubeba maji. Akirudi kutoka kuzoa samadi bado anataka farasi, basi una binti anayeweza kuja kuwa daktari wa mifugo na hiyo ni habari nyingine, SUA, chuo kikuu cha kilimo, iko Morogoro.

Na kabla ya Arusha mnaye ndugu wa farasi karibu zaidi. Barabara yenu hiyohiyo ya kwenda Mpanda inawafikisha Katavi, pundamilia wako pale makundi, na wanaishi na mbung'o hao hao. Mistari ile inawasaidia: kuna watafiti Uingereza waliwavisha farasi makoti ya mistari kama pundamilia, wakatoa matokeo 2019, wale inzi wakubwa wanaouma walikuwa wanakuja vizuri tu ila wakifika wanashindwa kutua. Ila mkifika Katavi fungeni vioo, gari halina mistari.

SWALI: Shikamoo shangazi, mimi ni mama, niko Ujiji. Wangu ni wa kiume, miaka 11, anapenda farasi na wenzake mtaani wanamcheka wanasema ni mambo ya wasichana. Anaanza kuficha michoro yake. Sina hela nyingi. (Mama Hamisi)

JIBU: Marahaba mama. Wasichana tena? Jeshi la polisi Tanzania lina kikosi cha mbwa na farasi, askari wanapanda pale Dar, waulize hao vijana kama wanaweza kwenda kuwaambia hivyo uso kwa uso.

Mnunulie sataranji, ule mchezo wa chesi. Ya plastiki ya kukunja sio ghali na mtumba unaipata pia. Mle ndani farasi ndo kipande pekee kinachoruka juu ya wengine, anakwenda vyumba viwili, mbele, nyuma au pembeni, afu anakata kona kimoja, kila mtu amezibwa yeye anatoka. Mwanzoni mfiche wote umbakishie farasi mmoja tu kwenye ubao mtupu, mwambie apite vyumba vyote 64 bila kukanyaga kimoja mara mbili. Inawezekana, ila itamla likizo nzima. Michoro yake usiibandike ukutani bila kumuuliza, mnunulie daftari gumu aamue mwenyewe nani aone.

Na kama ni mtumba, kabla hujalipa mwaga vipande juu ya meza ya muuzaji uhesabu: viwe 32, farasi wanne, wawili weupe wawili weusi. Farasi ndo wanaopotea sana, watoto wanawachukua.